Vikombe Vitano vya Mwezi wa Saba

Risala ya akina mama wa zamu ya chupa ya mvua, Lusangi, mbele ya Bwana Profesa, mwezi wa tano, mwaka 1957

Mgeni rasmi, Bwana Profesa, Bwana Administreta, Shefu wetu, mabwana wa utafiti mliofuatana naye, wazee wetu, na ninyi majirani mliosimama nyuma,

Kuna neno lilitufikia kutoka soko la Kasongo, na tangu siku ile halijatutoka. Lilikuja na mchuuzi wa chumvi, mtu wa kupenda kuchekesha watu. Alitua mzigo wake barazani kwa Mama Régina, akaomba maji, na alipokwisha kunywa akasema: "Nyinyi watu wa Lusangi muko na bahati. Huko Ulaya iko karatasi inasema kwenu mvua inanyesha hata mwezi wa saba. Kwa sababu ya ile mvua mutalima pamba mara mbili kwa mwaka, na mutu mwenye hatalima atafungwa." Tulicheka. Mama Régina akamjibu, "Basi weye ungekuja na mwavuli." Lakini yule mtu alipokwisha kuondoka, tulinyamaza wote, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake ya kunyamaza.

Neno hilo ndilo lililotusimamisha hapa leo. Shefu alituomba risala ya shukrani tu, na shukrani tunazo, tutazisema kwanza. Zikiisha, tunakuomba usiinuke bado kitini.

KARIBU

Karibu Lusangi, Bwana Profesa. Karibu tena, maana wewe si mgeni wa kuonyeshwa njia ya kwenda mtoni. Ulipokuja mara ya kwanza ndevu zako zilikuwa nyeusi. Leo tunaona mvi zimeingia, na sisi pia meno yametupungua, kwa hiyo tuko sawa.

Mimi ninayesoma naitwa Marcelline, mama yake Raphaël, yule kijana wako anayepima maji ya chupa. Nilisoma kwa masere, wale masista wa misioni, mpaka darasa la nne, na wenzangu wamenichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Wenzangu ni hawa waliosimama pamoja nami: Régina, Louise, Cécilia, na Fatuma mke wa Asani. Ni sisi watano uliotukabidhi chupa.

TULIVYOANZA

Tunapenda sana kuukumbuka mwaka wa 1951. Lori lenu lilifika kutoka upande wa Kabambare, magurudumu yamejaa matawi mliyokuwa mkitia chini yake ili litoke kwenye matope. Mlisimika mahema matatu karibu na mibuni ya misioni. Majina ya kazi zenu hatukuyajua, basi tukawapa majina yetu wenyewe. Mtuvumilie tukiyataja, leo hatufichi kitu.

Wewe, Bwana Profesa, tulikuita Bwana Chupa, kwa sababu ulizibeba chupa zako kwa kuzikamata shingoni, mbili mkono huu na mbili mkono huu, kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Mwenzako enjenia tulimwita Bwana Mufereji, maana hakuchoka kukitazama kijito chetu cha Kalonda kwa lile jicho lake la kioo lenye miguu mitatu. Juma la kwanza hakuna mama aliyepita mbele ya lile jicho bila kufunga kitambaa chake vizuri. Cécilia alituambia, "Ile jicho inaona mpaka ndani ya nguo." Siku moja Bwana Mufereji akamwita atazame mwenyewe. Cécilia alitazama muda mrefu. Kumbe alikuwa anamwona mume wake ng'ambo ya kijito, amekaa chini ya mchikichi anakunywa pombe na rafiki zake, na asubuhi alikuwa amemuaga kwamba anakwenda kulima. Ugomvi ule ulifika mpaka mavuno. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeliogopa tena jicho, isipokuwa wanaume.

Wa tatu ni bwana wa uchumi. Huyo tulimwita Bwana Kilo. Alikaa jikoni mwetu mwezi mzima na mizani yake akiwa ameining'iniza kwenye boriti. Alipima mihogo kabla ya kumenywa, akapima na maganda. Alipima majani ya sombe, chumvi, samaki mmoja mmoja. Halafu akauliza swali ambalo hatujapata kuulizwa na mwanaume yeyote, mweupe wala mweusi: "Nani hapa anakula kwanza, na nani anakula mwisho?" Louise akamwambia, "Wa mwisho ni mimi. Andika: Louise anakula ukoko." Akaandika. Tulipoona anaandika kweli, tulimpenda. Kila jioni kabla ya kurudi hemani alikula bukari yetu, ugali wa mihogo, na alijifunza kuimega kwa vidole, ingawa sombe ilimdondokea juu ya karatasi.

Tunalikumbuka na lile bonge la kioo lililokaa juu ya nguzo, lililokusanya jua na kuchoma mstari mweusi kwenye karatasi. Wingu likipita, mstari unakatika. Raphaël alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mbebaji wa masanduku yenu. Alikuwa anakuja kutueleza kwa furaha: "Mama, pale palipokatika ni lile wingu la saa ine. Mulikuwa munatwanga." Tulishangaa kwamba mtu anaweza kuitunza saa ile tuliyokuwa tunatwanga, akaipeleka mbali, akaisoma tena.

Siku zile utafiti ulikuwa kitu cha kuona kwa macho. Mlichimba, tukaona shimo. Mliuliza, tukajibu, mkauliza tena. Wewe mwenyewe ulikaa juu ya mkeka wa Mama Louise ukatuuliza mama zetu waliijuaje mvua kabla haijafika. Tukakuambia habari za upepo unaotoka upande wa mto Luama na harufu ya majani yaliyoungua, na kumbikumbi, na jiwe la kusagia linalotoka jasho asubuhi. Uliyaandika yote, hata yale ambayo Fatuma na Régina walibishana. Hukutuambia huyu anasema kweli na huyu anasema uongo. Ulisema, "Nitaandika yote mawili, tutaona." Tunalipenda neno hilo mpaka leo.

Mwaka wa 1953 mkafunga mahema. Pale yaliposimama, majani yalibaki ya manjano, miraba mitatu, mpaka masika yalipoyarudisha. Watoto waliendelea kucheza pale mchezo wa kupimana: mmoja anakuwa Bwana Kilo, wengine wanakuwa mihogo. Hatukujua kwamba tutaitamani kelele yenu. Mlituachia chupa moja.

KAZI ILIYOENDELEA

Chupa hiyo mnaiona pale, kwenye nguzo, ndani ya ua wangu, na mdomo wake wa bati ulio mpana kama sahani. Ndani yake mlitia mafuta kidogo yaelee juu, ili jua lisinywe maji ya mvua. Tuligawana zamu, kila mama juma moja. Kazi ni kuondoa majani, kufukuza mbuzi, na kuwakataza watoto wasitupe vijiwe. Siku ya kwanza ya kila mwezi Raphaël anafika kutoka Kabambare kwa kinga yake, ile baiskeli ya kazi, amekifunga kioo cha kupimia ndani ya shati safi ili kisivunjike njiani. Anamimina maji ndani ya kioo, anapiga magoti, jicho lake linakuwa sawa na maji, anahesabu mistari, anaandika kwenye kaye, daftari lake la mvua. Halafu anayamwaga, anarudisha chupa mahali pake. Miaka minne hajakosa mwezi hata mmoja. Mwaka ule Luama ilipojaa, alivuka kwa mtumbwi, kaye ameifunga kichwani kwa kilemba cha baba yake.

Mwaka wa 1954 ulituandikia barua. Ulisema chupa ya Lusangi inatunzwa kuliko chupa zote, na kwamba umefurahi kuona maji hata katika kiangazi. Ilisomwa kanisani baada ya misa, na Fatuma akadai isomwe na msikitini, kwa kuwa zamu yake ni juma zima kama la wengine. Ikasomwa.

Kutoka katika ile kaye kazi kubwa ziliota. Tumeambiwa kwamba wewe uliandika kitabu juu ya upepo wa Tanganyika, unaopanda milima na kuja kuangusha mvua yake kwetu wakati kwingine kote ni kukavu. Bwana Mufereji alichukua hesabu zako, akachora mfereji wa Kalonda. Bwana Kilo alichukua hesabu za Bwana Mufereji, akaandika kwamba kila nyumba ya Lusangi inaweza kulima shamba la pili la pamba, kuanzia mwezi wa sita. Na Raphaël ameitwa Leopoldville kufanya kazi ndani ya nyumba ya utafiti, pamoja na watu waliosoma sana. Ni mtoto wa kwanza wa hapa kuitwa huko. Barua yake iko ndani ya sanduku langu. Nimeikunjua na kuikunja mpaka imeanza kupasuka kwenye mikunjo.

Shukrani tulizoombwa kusoma zinaishia hapa.

LILILOHARIBIKA

Bwana Profesa, mwezi wa saba Lusangi hakunyeshi mvua. Haikunyesha mwaka 1954, haikunyesha mwaka 1955, wala mwaka jana. Mwezi wa sita na wa nane ni hivyo hivyo. Yale maji tuliyatia sisi.

Tutaeleza namna tulivyojua. Siku ya pili baada ya mchuuzi wa chumvi, sisi watano tulikutana kwenye maji ya kulowekea mihogo. Fatuma ndiye aliyeanza.

"Hii mvua ya mwezi wa saba," akasema, "inanyesha kwa nani? Kwangu haijafika."

"Kwangu pia," akasema Louise.

"Basi ile maji ya chupa ilitoka wapi?"

Halafu Régina, akiwa anautazama muhogo wake, akasema, "Miye nilitia kidogo tu. Kikombe kimoja. Nilisikia haya."

Louise akaacha kumenya. "Weye ulitia? Na miye nilitia."

"Kikombe?"

"Kikombe."

Cécilia akaanza kucheka, cheko la mtu anayeogopa. Akasema, "Musiniulize." Tukamuuliza. Na yeye alikuwa ametia. Fatuma alikuwa ametia. Mimi nilikuwa nimetia kabla yao wote. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na kila mmoja alikuwa anafikiri ni yeye peke yake.

Labda huko kwenu hili ni gumu kulielewa, basi tulieleze. Hapa kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea chumvi kwenye bakuli, bakuli linarudi na maharage, au karanga, au hata mboga ya konzi moja. Mama anayemrudisha mtoto wa mwenzake na bakuli tupu anasemwa mpaka kisimani. Sasa wewe ulituachia chombo chako. Masika ni rahisi, mbingu inatujazia kwa niaba yetu. Kiangazi kikifika, chupa inakaa pale na mafuta yake peke yake, na siku ya kuipima inakaribia. Kila mama katika juma lake alikuwa anasema moyoni: zamu yangu haitakuwa ile iliyomnyima mgeni. Akikuta kuna maji kidogo, hajiulizi yametoka wapi, anajua tu si ya zamu yake, basi anaongeza ya nyumba yake. Mwaka wa kwanza kila mmoja alitia nusu kikombe. Ilipokuja barua yako ya kutusifu, tukatia kikombe kizima.

Mimi nilikuwa na jambo moja zaidi, nalo nitalisema ingawa linanichoma. Anayekuja kupima chupa ni mwanangu. Nilikuwa nikimwona anaondoka kwa kinga, mgongo umeloa jasho, anakwenda kwa wakubwa wake. Sikutaka afike kwao na kaye haina kitu, kama mtoto aliyetumwa na mama mchoyo.

Mwaka ule wa 1955 alipopima, aliniangalia.

"Mama, kwenu mvua ilinyesha?"

"Unaniuliza nini? Si uko na kioo?"

"Kioo inasema mistari makumi sita na moja."

"Basi, andika ile kioo inasema."

Akacheka. "Haya. Miye nilifundishwa kusoma kioo, sikufundishwa kukibishia."

Alikunywa uji, akaondoka. Nilifurahi siku nzima. Nilifikiri nimemsaidia.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nyumba kumi zilipewa mbegu za pamba za kujaribu. Asani, mume wa Fatuma, alikuwa mmojawapo. Alilima vizuri, kila mtu aliona mistari yake imenyooka. Mbegu zilikaa ardhini zikaliwa na mchwa. Akaitwa bironi, ofisini kwa serikali. Karani akamsomea ndani ya kitabu: mvua ilikuwepo, tena ya kutosha, kwa hiyo kosa ni la jembe lako. Asani akajibu, "Bwana, miye nilikaa mule mule ndani ya hiyo mvua, sikuiona." Wakasema ni kiburi. Alifungwa siku kumi na nne. Aliporudi hakulalamika, ila sasa akipita karibu na chupa ile anatazama upande mwingine. Fatuma alimpikia, akamtandikia kitanda, na hakujua kwamba kikombe chake mwenyewe kilikuwa mle ndani ya hesabu. Alijua siku ile ya mihogo. Alikaa ndani ya maji mpaka vidole vikakunjamana, tukamtoa kwa kumshika mikono.

Mwaka huu si nyumba kumi. Ni nyumba zote. Tumeona magunia ya mbegu yalivyopangwa nyuma ya gari lenu.

Raphaël yuko hapa, amekaa nyuma ya Bwana Mufereji. Jambo hili hakulijua mpaka nilipolisoma sasa hivi. Najua atataka kusimama. Mutoto wangu, kaa. Acha mama yako amalize.

TULICHOPIMA

Tulifikiri kukiri peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kusema wanawake hawa wanaogopa shamba, wametunga hadithi ili wasilime. Wewe ulitufundisha kwamba watu wakibishana mnaandika yote mawili, halafu mnatazama. Basi tukatazama.

Raphaël ana kioo cha pili, cha akiba, anakiacha nyumbani kwangu pamoja na kaye za miaka iliyopita. Siku ya Alhamisi tulikitoa. Tulichukua kikombe kile kile cha bati, hiki hapa mezani, kina kibonyeo kwenye ukingo kwa sababu kilianguka siku ya arusi ya Cécilia. Kila mmoja akatia kikombe kimoja ndani ya chupa nyingine, kwa zamu, kama tulivyokuwa tukifanya. Tukamimina ndani ya kioo. Nikapiga magoti, jicho langu likawa sawa na maji. Mistari makumi sita na mbili. Nikawaita wenzangu, kila mmoja akapiga magoti akahesabu mwenyewe. Makumi sita na mbili. Louise alipata makumi sita na tatu, lakini macho yake yameanza kuchoka, na yeye mwenyewe anasema hivyo.

Kaye ya Raphaël ya mwezi wa saba 1955 inasema makumi sita na moja. Mstari mmoja umepungua, tunadhani jua liliunywa pembeni mwa mafuta. Mwaka 1954, wa nusu vikombe, inasema thelathini na moja. Tulitia vikombe viwili na nusu tukapata thelathini na moja.

Bwana Profesa, tafadhali litazame jambo hili vizuri, maana kwetu ndilo kubwa. Raphaël hakudanganya hata mstari mmoja. Alisoma kile kile tulichotia, mwaka baada ya mwaka. Kaye yake ni sahihi. Kisicho sahihi ni maji.

MAOMBI

Tunaomba hesabu za mwezi wa sita, wa saba na wa nane za miaka yote mitatu ufute kwa kalamu yako mwenyewe. Tunajua kitabu chako cha upepo kitaumia. Tumelisema kati yetu na limetuhuzunisha, kwa sababu tulikipenda kile kitabu bila kukisoma. Pengine upepo huo uko, ila hauleti maji hapa.

Tunaomba magunia yale yasishushwe leo. Kama huamini kikombe chetu, weka chupa mbili kiangazi hiki: moja ibaki kwetu, nyingine uifungie ndani ya uzio wako na ufunguo ukae mfukoni mwako. Raphaël azisome zote mbili mbele ya watu. Mabwana wakiona yote mawili, ndipo waseme habari za pamba na za mfereji.

Tunaomba jina la Asani lisafishwe ndani ya kitabu kile kilichomhukumu, na asomewe hadharani kama alivyosomewa mara ya kwanza. Fatuma hakutaka tulisome ombi hili. Alisema ataaibika. Tumelisoma.

Na Raphaël aende Leopoldville. Kama ni lazima mtu abaki kwa sababu ya jambo hili, mimi nipo. Kama kuna kufungwa, mimi ni mwepesi kubeba kuliko yeye, sina mtoto mdogo. Tena huko atakakokwenda watafaidika na mtu anayejua kwamba chupa ina mama zake. Leo amejua. Wengine wenye masomo makubwa hawajui, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama mvua ilinyesha. Waliiuliza chupa.

Hatusemi mtuache. Tunasema rudini kama mlivyokuja mara ya kwanza, na mizani, na jicho la miguu mitatu, na maswali. Mkeka wa Louise bado upo. Umechakaa pembe moja, lakini unakalika.

Mungu akulinde safari ya kurudi, Bwana Profesa, akupe afya, wewe na wanao, na akupe moyo wa kuisoma kaye upya. Awabariki mabwana wenzako wote wawili, awape kuona ardhi yetu kama ilivyo. Amina, na wenzetu Waislamu waseme amina.

Ni sisi, Akina Mama wa Zamu ya Chupa, Lusangi:
Marcelline, Régina, Louise, Cécilia, Fatuma.

Karatasi ya pili tumeiandika kwa ajili ya kubandikwa kila mahali chupa itakaposimama, Salamabila, Kabambare, na njia yote mpaka Kasongo. Anayejua kusoma awasomee wengine.

MAMBO YA KUEPUKA

Kuwaachia watu chombo bila kuwaambia kwamba kikirudi kitupu ni sawa, hakuna aliyekosa.

Kutia maji ndani ya chupa, hata kidogo, hata kwa adabu.

Kuisifu chupa iliyojaa na kuinyamazia iliyo tupu.

Kuficha kwa wenzako ulichofanya katika zamu yako.

Kuandika habari za mvua ya kijiji bila kumuuliza mwenye shamba.

Kuchimba mfereji kwa hesabu za chupa moja.

Kumfunga mtu kwa namba kabla ya kwenda kuushika udongo wake.

Kumwambia msomaji wa kioo asiulize kitu.

Kumtwika msomaji kosa la mtiaji.

Kumwonea haya mwanao anapoondoka na kaye tupu. Mwache aende nayo hivyo hivyo.